Kuokoa vichekesho vya filamu bubu: njia nne, na ipi ikufae wewe

Ukishawapenda wachekeshaji wa filamu zisizo na sauti kama Charlie Chaplin, Buster Keaton, Harold Lloyd au Laurel na Hardy, haichukui muda kabla hujajiuliza: mimi nifanye nini ili kazi hizi zisipotee? Njia zipo, ila zinavutana. Pesa uliyotia huku hukuitia kule, na jioni uliyoitumia kutafuta nakala mtandaoni si jioni uliyowaonyesha wanafunzi filamu. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu aliyekwama hapo.

Tuanze na ukubwa wa hasara. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa utafiti wa mwanahistoria David Pierce uliohesabu filamu ndefu bubu 10,919 zilizotengenezwa Marekani. Zilizobaki nzima katika umbo lake la awali zilikuwa 14% tu. Hesabu hiyo haikugusa filamu fupi, na vichekesho vingi vilikuwa vifupi, vya dakika kumi au ishirini, vilivyozungushwa kwenye majumba ya sinema wiki chache kisha vikaonekana havina kazi tena.

Mikanda ya enzi hizo ilitengenezwa kwa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kujitolea oksijeni chenyewe kinapoungua, hata maji hayakizimi. Julai 1937 ghala la studio ya Fox huko Little Ferry, New Jersey, liliteketea. Mwaka 1943 moto ulizuka kwenye ghala la nyumbani kwa Harold Lloyd, Beverly Hills, ukala filamu zake nyingi za mwanzo. Studio ya Universal haikungoja hata moto: mwaka 1948 iliharibu yenyewe hazina yake ya filamu bubu, kwa kuwa sauti ilikuwa imeshaingia na soko la kimya limekufa.

Njia nitakazolinganisha ni nne: kutumia na kusambaza nakala za bure mtandaoni, kununua matoleo yaliyokarabatiwa, kuandaa maonyesho ya hadhara, na kuyasaidia makavazi yanayotunza mikanda yenyewe. Kila moja nitaiuliza maswali yaleyale. Inaokoa nini hasa? Inagharimu nini? Inamtendea haki kiasi gani msanii aliyeitengeneza kazi? Na inamfaa nani? Swali la tatu ndilo watu wengi huliruka, nami naliona zito kuliko yote, kwa sababu kichekesho kilichoharibiwa kasi yake au kukatwa pembe zake huwafanya watu waamini kwamba kilikuwa hakichekeshi tangu mwanzo.

Njia ya kwanza: nakala za bure mtandaoni

*Inaokoa nini.* Inaokoa kumbukumbu, na wakati mwingine zaidi ya hapo. Nakala zikitapakaa ni vigumu zote kupotea pamoja. Chukua mfano wa The Battle of the Century ya Laurel na Hardy (1927), yenye vita maarufu vya kurushiana mikate ya krimu. Kwa miaka mingi vita hivyo vilijulikana kwa vipande tu, na vipande vyenyewe vilibaki kwa sababu mtengenezaji filamu Robert Youngson alivitia kwenye mkusanyiko wake wa mwaka 1957. Mwaka 2015 mkanda wa pili wa filamu hiyo ukapatikana miongoni mwa mikanda iliyokuwa ya Youngson, mikononi mwa mkusanyaji binafsi. Kilichowekwa na mtu aliyependa tu ndicho kilichosalia.

*Gharama.* Bando, basi. Lakini usidhani kila kilicho wazi ni halali kila mahali. Marekani hulinda kazi za enzi hizo kwa miaka 95, ndiyo maana Safety Last! ya Lloyd (1923) iliingia mali ya umma huko, yaani yeyote anaweza kuitumia, mwanzoni mwa 2019, na The Gold Rush ya Chaplin (1925) ikafuata 2021. Ulaya wanahesabu miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi, na Chaplin alifariki 1977. Tena muziki uliowekwa baadaye juu ya picha una mwenyewe, hata kama picha haina.

*Haki kwa msanii.* Hapa ndipo penye udhaifu. Nyingi ni nakala za nakala. Keaton alichekesha kwa uso usiotabasamu. Kila kitu kiko machoni, kope moja inayopanda, mtazamo unaogeuka nusu sekunde kabla ya mwili. Katika nakala iliyofifia, uso wake unakuwa bapa jeupe lenye madoa mawili meusi, na unabaki na mtu anayeanguka tu. Nusu ya mchezo imekwenda.

Kisha kuna kasi. Kamera ilizungushwa kwa mkono, na hapakuwa na mwendo mmoja uliokubaliwa. Nakala nyingi zimerushwa kwa picha 24 kwa sekunde, watu wanakimbia kama wamechomwa na siafu. Wengine kwa nia njema huzipunguza hadi mwendo wa kawaida wa binadamu, nako pia ni kuharibu, kwa sababu wapiga picha walizungusha polepole makusudi kwenye matukio ya kufukuzana ili skrini ionyeshe mbio zisizowezekana.

Kuna pia suala la toleo. The Gold Rush ziko mbili: ile ya 1925, na ile ambayo Chaplin mwenyewe aliikata upya mwaka 1942, akaondoa vibao vya maandishi na kuweka muziki pamoja na sauti yake akisimulia. Zote ni zake, lakini ni filamu mbili tofauti, na anayepakia nakala mtandaoni mara nyingi haandiki ni ipi.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwanafunzi, mwalimu anayetaka kuonja kabla ya kutoa hata shilingi. Ukisambaza, andika mwaka, toleo, na ulikoipata. Hiyo ni kazi ya uhifadhi kamili, na haikugharimu kitu.

Njia ya pili: matoleo yaliyokarabatiwa

*Inaokoa nini.* Inaokoa picha yenyewe, kadiri inavyowezekana leo. Makavazi ya filamu ya Cineteca di Bologna nchini Italia imekuwa ikikarabati filamu za Chaplin tangu 1999. Kwa filamu zake fupi za 1914 za studio ya Keystone ilishirikiana na BFI, taasisi ya filamu ya Uingereza, na kampuni ya Lobster Films ya Ufaransa, wakakusanya nakala kutoka makavazi ya nchi nyingi, kisha wakachagua kipande kwa kipande nakala ipi ina picha safi zaidi. Filamu hizo zilichapishwa na kukatwakatwa mara nyingi mno hata hapakuwa na nakala moja ya kutegemewa.

*Gharama.* Diski ni za dola au yuro, ongeza usafirishaji na labda ushuru wa forodha. Hakikisha mashine yako inasoma eneo la diski hiyo, maana nyingine zimefungiwa Marekani au Ulaya. Na mashine za kuchezea diski zinazidi kuwa adimu majumbani. Faida ni kwamba pesa yako inarudi kazini. Wachapishaji wadogo hutegemea mauzo na michango ya wapenzi kugharimia filamu inayofuata, na kuna vichekesho vilivyotoka gizani kwa njia hiyo pekee, vya waigizaji ambao hakuna kampuni kubwa ingewagusa.

*Haki kwa msanii.* Ni ya juu sana, ingawa si ya mwisho. Mwaka 2009 mtafiti Paul Gierucki alinunua mkanda kwenye mauzo ya vitu vya kale huko Michigan, akakuta ndani yake A Thief Catcher ya 1914, na Chaplin akitokea humo kama polisi. Hakuna orodha iliyokuwa inaihesabu kati ya filamu zake. Mwaka 2013 toleo tofauti la The Blacksmith ya Keaton (1922) liliibuka Argentina, lenye matukio ambayo watu hawakuwahi kuyaona. Kwa hiyo diski ya mwaka huu inaweza kupitwa na ugunduzi wa mwaka kesho. Kuna na hatari ya kusafisha kupita kiasi: programu inayofuta mikwaruzo inaweza kufuta pia chembechembe za picha, na nyuso zikabaki laini kama plastiki. Toleo zuri hueleza kwenye kijitabu chake mikanda ilitoka wapi na nini kiliguswa. Lisiloeleza, ulitilie shaka.

*Inamfaa nani.* Mpenzi aliyekwisha kuingia kwa miguu miwili, mwanafunzi wa filamu, maktaba ya chuo, na mtu anayetaka kuandaa onyesho lenye picha nzuri.

Njia ya tatu: onyesho la hadhara

Hii nitakaa nayo zaidi, kwa sababu ndiyo ninayoona imesahauliwa na watu wanaojiita wahifadhi.

*Inaokoa nini.* Haiokoi hata inchi moja ya mkanda. Inaokoa kicheko, na kicheko kilikuwa sehemu ya utengenezaji wenyewe. Lloyd na Keaton walikuwa wakizijaribu filamu zao mbele ya watazamaji kabla ya kuzitoa, kisha wanarudi chumba cha kukatia. Katika The Navigator (1924) Keaton alitengeneza kwa gharama kubwa tukio la chini ya maji ambamo yeye anaongoza samaki kama trafiki barabarani. Watazamaji wa majaribio hawakucheka, akalitoa. Mtazamaji alikuwa mhariri. Vituo vidogo unavyoviona baada ya kila kioja, ambavyo ukiwa peke yako na simu vinaonekana kama kuzubaa, viliachwa makusudi ili ukumbi ucheke bila kukosa kioja kinachofuata. Ukumbi ukijaa, vituo vile vinajaa.

*Gharama.* Projekta, spika, shuka jeupe au ukuta uliopakwa chokaa, na mafuta ya jenereta kama umeme wa kwenu hauaminiki. Ukionyesha hadharani, ulizia kwanza Bodi ya Filamu Tanzania, au KFCB, bodi ya uainishaji wa filamu, ukiwa Kenya, na hakikisha haki za picha na za muziki. Kwa muziki njia rahisi ni kupiga wenu. Filamu hizi hazikuwa kimya ukumbini, kwa kawaida palikuwa na piano, kinanda au bendi. Mtu mmoja wa kinanda na mwingine wa ngoma wanatosha, mradi wameitazama filamu mapema na wanajua wapi wanyamaze.

Na sisi Waafrika Mashariki tuna kitu ambacho nchi nyingi hawana: wasimuliaji. Japani walikuwa na benshi, watu waliosimama kando ya skrini wakiigiza sauti zote, na watazamaji wengine walilipa kiingilio kwa ajili ya benshi kuliko filamu. Kwetu Lufufu wa Tanzania na DJ Afro wa Kenya waliwafundisha mamilioni kutazama filamu ya kigeni kupitia mdomo wa mtu wa kwao, na Uganda ma-VJ wanafanya kazi hiyohiyo hadi leo. Filamu bubu ni kama imetengwa kwa ajili yao: hakuna sauti ya kushindana nayo. Angalizo langu ni kwamba Keaton hasa alipenda kupunguza vibao vya maandishi, mwili useme. Msimuliaji akijaza kila sekunde anaua kile alichokuja kukiokoa. Asome vibao kwa Kiswahili, aongeze utani pale mandhari inapobadilika, na mtu anapopanda ukuta wa ghorofa anyamaze.

Onyesho la namna hii si geni pwani. Jengo la Majestic, Vuga, Unguja, limesimama palipokuwa na jumba la sinema la Royal lililofunguliwa 1921, enzi ambayo kila filamu ilikuwa bubu.

*Haki kwa msanii.* Inategemea nakala. Kasoro ambayo simu inaificha, ukuta wa mita tatu unaianika. Lakini kwa ukubwa wa mchezo hakuna njia inayoifikia hii. Katika Steamboat Bill, Jr. (1928) ukuta mzima wa mbele wa nyumba unamwangukia Keaton, naye anasalimika kwa kuwa amesimama pale litakapopita dirisha la juu. Ukuta ulikuwa wa kweli, na nafasi ya kumpita mabegani ilikuwa finyu. Kwenye simu ni ujanja. Kwenye ukuta mkubwa watu wanavuta pumzi kabla hawajacheka.

Jambo moja usiliache hadi usiku wa onyesho. Filamu nyingi za enzi hizo zina dhihaka za ubaguzi, na wazungu waliojipaka rangi nyeusi usoni. Zimo katika Seven Chances (1925) na College (1927), zote za Keaton. Tazama filamu yote peke yako kwanza. Ukiamua kuionyesha, sema mapema kilichomo na kwa nini, na uache nafasi ya mazungumzo. Kukata kimyakimya sikushauri, na kuwashtukiza watoto wa watu ni kukosa adabu.

Kwa mara ya kwanza naona One Week (1920) inatosha. Maharusi wanajenga nyumba ya kununua kwenye maboksi, mpinzani kabadilisha namba za maboksi, nyumba inatoka imepinda, dhoruba inaizungusha. Dakika ishirini na kitu, na aliyewahi kujenga na fundi hahitaji kuelezwa lolote.

*Inamfaa nani.* Mwalimu, kiongozi wa klabu, mmiliki wa kibanda umiza anayetaka kitu tofauti Jumapili mchana, kituo cha utamaduni, na mtu mwenye watu wengi karibu kuliko pesa.

Njia ya nne: kuyasaidia makavazi

*Inaokoa nini.* Kitu chenyewe. Naitreti iliyozeeka hufifia, kisha hunata, kisha hutoa mapovu yenye rangi ya asali, na mwisho hugeuka unga wa kahawia ndani ya kopo. Baridi na ukavu ndivyo vinavyochelewesha. Maktaba ya Bunge la Marekani ina vyumba 124 vya naitreti huko Culpeper, Virginia. BFI hutunza mikanda yake Gaydon kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri. Bila sehemu kama hizo, njia tatu za mwanzo hazina cha kunakili.

Mikanda bado inatokea pasipotarajiwa. Mwaka 1978 wajenzi huko Dawson City, Kanada, walifukua mamia ya mikanda iliyofukiwa kwenye ardhi ya barafu. Mwaka 2010 ilitangazwa kwamba filamu kadhaa za Marekani zimepatikana New Zealand, miongoni mwake kichekesho cha 1914 kilichoongozwa na kuigizwa na Mabel Normand, mwanamke ambaye historia humtaja kama msaidizi wa Chaplin ilhali alikuwa akiongoza filamu kabla Chaplin hajaanza kuongoza zake. Na jumba la sanaa la MoMA, New York, lilitunza tangu 1939 mikanda isiyohaririwa ya kichekesho cha 1913 cha Bert Williams, mwigizaji mweusi mzaliwa wa Bahamas. Kiliunganishwa na kuonyeshwa 2014. Humo Williams mwenyewe amepakwa rangi nyeusi kama soko lilivyomdai, huku wenzake weusi wakicheza, wakichumbiana na kucheka kwa nyuso zao wenyewe. Zaidi ya miaka mia moja ilipita kabla ya watu kuliona hilo.

*Gharama.* Mchango wa pesa, wowote. Au maarifa: mwaka 2012 Culpeper walianza kuandaa mikutano ya kutambua filamu zisizo na jina, watu wamekaa ukumbini wakipaza sauti picha ikienda, huyu kamjua mwigizaji, yule kasoma namba ya gari. Usifikiri kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta kunamaliza gharama. Ripoti ya 2007 ya taasisi inayotoa Oscar ilikadiria kutunza filamu moja kidijitali kwa mwaka dola 12,514, dhidi ya dola 1,059 kuitunza kwenye mkanda, kwa sababu data inabidi ihamishwe mara kwa mara.

*Haki kwa msanii.* Hakuna iliyo juu ya hii. Ila wewe mchangiaji huenda usiione filamu uliyoisaidia kwa miaka mingi.

*Inamfaa nani.* Mwenye subira, na mwenye mikanda mkononi.

Sasa uchague kwa hali yako

Una simu na bando tu: anza na nakala za bure, chagua filamu moja, ilinganishe katika nakala mbili tatu hadi uone tofauti ya kasi na ya uso, kisha sambaza iliyo bora pamoja na maelezo yake.

Una pesa ya diski moja kwa mwaka: nunua ya msanii asiye maarufu badala ya ya tano ya Chaplin. Chaplin ana taasisi nzima nyuma yake. Max Linder wa Ufaransa, aliyevaa kofia ya juu na kuchekesha dunia kabla Chaplin hajasimama mbele ya kamera, anakuhitaji zaidi.

Una darasa au klabu: changanya njia ya pili na ya tatu. Nakala nzuri, filamu fupi, mpiga kinanda wa mtaani, msimuliaji mwenye kiasi.

Umepata mikanda nyumbani: usiipitishe kwenye projekta, usiitume kwa posta, usiiache darini. Yenye upana wa milimita 16 au 9.5 haikutengenezwa kwa naitreti, ila ikinuka siki imeanza kuoza na ina haraka. Ya milimita 35 ya kabla ya miaka ya 1950 ichukulie kuwa ni naitreti hadi mtaalamu aseme vinginevyo. Iweke mahali pa baridi penye hewa, mbali na moto, piga picha lebo za makopo, na uwasiliane na makavazi ya taifa lako kabla hujafanya lolote jingine.

Na ukiishi Ulaya, au ukipita huko kwa masomo, panga safari yako uwe Italia: Bologna kiangazi kwa Il Cinema Ritrovato, tamasha la filamu za kale, au Pordenone mwezi Oktoba kwa Giornate del Cinema Muto, tamasha la filamu bubu linaloandaliwa tangu 1982. Huko utaziona njia zote nne ndani ya ukumbi mmoja, na watu wa makavazi utawakuta kwenye mkahawa wa jirani, tayari kujibu maswali.